Nauli ya Zamunda ni Shilingi Ngapi?

Siku hizi ukichangia harusi hununui chakula tu, unanunua na amri ya kuvaa. Kadi inakuja na maua, jina la ukumbi na namba ya kutumia pesa, halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ya masharti ya mkopo, unaambiwa rangi. Mimi nina kabati lililojaa sare za watu walioachana. Kuna shati la damu ya mzee, kuna la maziwa, kuna la rangi ambayo fundi aliiita pichi, mke wangu akaiita samoni, na mimi nikaiita hasara. Kuna la samawati ambalo ndoa yake haikufika hata Pasaka, na shati lenyewe bado lina chaki ya fundi kwenye kola. Silitupi. Namsubiri bwana harusi aoe tena, huenda akarudia rangi.

Watani wetu Wachagga watasema huo ndio Upare wenyewe. Waseme. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka milimani kwa maelfu wakapiga kambi Same, kisa serikali ya Mwingereza na machifu wake walitaka kila mtu atozwe kodi kwa kukisia mali yake. Kodi hiyo iliitwa mbiru, na wazee walikaa pale kwa miezi wakiikataa. Leo mwenyekiti wa kamati ya harusi naye anakukisia vilevile: anatazama gari unaloshuka, anakuandikia ahadi, anaisoma mbele za watu. Na mimi sina hata wa kupiga naye kambi, maana ndugu zangu wote wamekwisha kuwa wastaarabu.

Sherehe ya safari hii lakini ilinihusu. Binti wa mdogo wangu anaolewa, mimi ni ba'mkubwa wake, basi nikatiwa kwenye kamati ya sendofu. Sisi ni watu wa Usangi. Mchumba ni Mhaya wa Muleba. Hapo tayari una makabila mawili yenye maringo ya kutosha kujaza ukumbi kabla watu wa mapambo hawajashusha kiti.

Usiku mmoja mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu na alikuwa mwalimu wa sekondari, akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba sendofu yetu itakuwa Usiku wa Asili. Nilifurahi, sitaficha. Nikamwona Shangazi Mkubwa akishuka kutoka Usangi, mama wa miaka themanini na ushee, ambaye akianza kuimba kwa Kipare hata asiyejua neno anajikuta amesimama. Nikawaona wakwe zetu na ndizi zao, senene kama msimu utaruhusu, na mzee mmoja wa kupiga enanga huku akijigamba kwa ukoo wake mpaka sisi tukose la kujibu. Nikaahidi kiasi ambacho mke wangu alikisoma, akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena.

Kesho yake ikaletwa kura. Tuchague: Wakanda au Zamunda.

Kwa msomaji aliyebahatika kutokuwa na grupu la harusi, Zamunda ni nchi iliyomo kwenye filamu ya Eddie Murphy ya mwaka 1988, Coming to America, ile ya mwana wa mfalme anayekwenda New York kutafuta mke. Wakanda ilianzia kwenye vitabu vya katuni vya Wamarekani, na mwaka 2018 ikatamba sinema na Black Panther. Humo wananchi wanasema Kixhosa cha Afrika Kusini, huyu kajifunika blanketi la Kisotho, yule kofia ya bibi wa Kizulu, walinzi wa mfalme wana wekundu wa Kimasai. Mama aliyebuni mavazi yale, Ruth E. Carter, alipewa Oscar, na aliistahili. Nchi ya kutungwa ilibidi ivalishwe na mtu. Lakini Upare haukutungwa na mtu. Upo. Una mifereji ya maji, una ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia ambazo wazee walizichimba bila mhandisi, una ukoo mzima wa wafua chuma ambao hata Wachagga walikuwa wakinunua kwao.

Nikaandika grupuni: jamani, nauli ya kwenda Zamunda ni shilingi ngapi? Maana ya Usangi naijua. Unapanda basi la Moshi, unashuka Mwanga, unatafuta gari la kupandisha mlima.

Nikajibiwa kwa vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Zamunda ikashinda.

Sasa msinigeuze mzee wa kulaani kila kilichoshuka melini. Umarekani wenyewe haunisumbui. Tumelelewa tukiuogopa na tumeuzoea. Mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vikawa haramu Dar es Salaam, ati ni utamaduni wa kigeni. Miaka hiyohiyo, serikali hiyohiyo ilikuwa inawabana Wamasai waache mashuka wavae suruali. Na suti ya heshima ya wakubwa wetu tulikuwa tunaiita chuenlai, kwa jina la waziri mkuu wa China. Yaani msichana wa mjini anafukuzwa kituo cha basi kwa kuvaa cha wenzake, Mmasai anasumbuliwa kwa kuvaa cha kwake, na kabatini kwa mtoa amri inaning'inia chuenlai. Leo hoteli za kitalii zinamlipa mtu asimame getini na shuka jekundu, awe ametoka Monduli au Mbagala.

Huyo wa getini ndiye ninayemsema. Tumeletewa Mwafrika wa jumla. Hana kijiji, hana ukoo, hana watani. Ana ngozi ya chui ya kitambaa, mkuki wa plastiki na chungu kisichowahi kuona moto. Anasema hakuna matata, maneno ambayo kampuni ya Disney iliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya kuuzia fulana. Ukimuuliza kwao wapi, anakuchezea. Zamani niliogopa utandawazi utatufanya Wazungu. Kumbe hauna haja hiyo. Umetufanya Waafrika, wote kwa mpigo, na katika kutufanya Waafrika umesahau kwamba mimi ni Mpare.

Na hii ya kusema dunia imetuvamia juzi na intaneti siikubali. Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone mwaka 1871, mizigo yake ilikuwa marobota ya nguo, mafurushi ya waya, na shanga za Ulaya. Nguo iliyotamba zaidi bara ilikuwa merekani, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem tangu kabla Stanley hajazaliwa. Sasa jamaa alidhani shanga ni shanga. Akaambiwa hapana, bwana: Unyamwezi wanataka nyekundu, ukiwapelekea nyingine unarudi nazo. Nyeusi ni pesa Ugogo, lakini ukivuka Ugogo ni kokoto. Nyeupe inapita Ufipa, Ukonongo wanaidharau. Mzungu mzima anakaa Unguja akipiga hesabu usiku kwa kuhofia Wagogo watasemaje kuhusu rangi! Bidhaa zilitoka mbali kama za leo, na kila kabila lilizidi kuwa kabila kwa kuzichagua.

Kanga nayo hivyohivyo. Viwanda vilikuwa Ulaya na India, baadaye hata Japani, lakini usemi na mchoro vilitoka huku. Mombasa kuna duka la akina Kaderdina Hajee Essak, wenye alama ya Mali ya Abdulla, limo kwenye biashara hiyo tangu 1887. Wanawake wa pwani walikuwa wakiukinai mtindo, umekwisha. Mwenye meli abaki na marobota yake ajifunike. Nani leo anamtia hofu mwenye kiwanda namna hiyo?

Si mimi. Mimi nilikwenda Kariakoo kutafuta vazi la Zamunda.

"Shikamoo mzee wangu, karibu," akasema kijana wa dukani.

"Marahaba. Nataka kitenge cha Kiafrika."

"Vipo vyote. Unataka Holandi au China?"

"Nataka cha Kiafrika."

"Ndiyo, mzee. Cha Kiafrika ndiyo Holandi. China ni cha Kiafrika cha bei ya kawaida."

"Na cha hapahapa?"

Akatazama rafu za juu, akatazama za chini, akamwuliza mwenzake kitu kwa ishara ya mdomo. "Cha hapahapa labda wiki ijayo."

Hakunidanganya. Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine, kampuni yao ya Vlisco ipo Helmond tangu 1846, na walioupenda mzigo huo kuliko wote walikuwa Waafrika wa Magharibi. Lakini hata huko mambo hayakwenda kimyakimya. Kule Lomé, Togo, kulikuwa na akina mama wa sokoni walioitwa Nana Benz kwa sababu ya magari waliyoyanunua kwa faida ya vitenge. Wao ndio walioamua mchoro upi utatoka na wakaupa jina, na jina lenyewe lilikuwa na maneno ya kumtupia mke mwenza. Nikamwuliza kijana wangu mchoro niliokamata unaitwaje. Akaugeuza, akasoma kibandiko.

"Huu unaitwa elfu kumi na nane."

Nilitaka kumkumbusha kwamba kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 ili tujivishe wenyewe. Nikaona kijana hakuwa amezaliwa, na pengine baba yake pia, nikalipa. Kumi na sita, baada ya kuondoka mara moja na kuitwa nirudi.

Usiku wenyewe sasa. Ukumbi ulikuwa Mbezi. Mlangoni walisimama vijana wawili waliopakwa chokaa usoni, mikuki mkononi, simu kiunoni. Mdogo wangu, baba wa bibi harusi, mhasibu aliyesomea Mzumbe, alikuwa amevikwa taji la kadibodi na mkia wa mnyama ambaye sikuweza kumtambua. Akina mama walikuwa wamefunga gele za Kinaijeria; ya mke wangu ilipanda hadi meza ya nyuma ikaomba kuhamishwa kwa sababu haikuona keki. Muziki ulikuwa amapiano kutoka Afrika Kusini. Emsii akapiga "Zamunda oyee!" na ukumbi mzima, wakiwamo watu walioishi Usangi na kuchunga mbuzi huko, ukajibu oyee.

Halafu wakaingia wakwe zetu. Baba mkwe alikuwa ametulia ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, na koti jeusi juu, jinsi mzee wa Kihaya anavyotakiwa kwenda ugenini. Najua kanzu nayo iliwapandia kutoka pwani. Lakini imekaa kwao vizazi, watu wameolea humo na wamezikia humo. Emsii akamfuata na kipaza sauti: "Mzee wetu, mbona wewe hujavaa kiasili?"

Nikatamani Ziwa Victoria liwe karibu niingie. Mzee akajibu kwa upole kwamba hakuambiwa. Ukumbi ukampigia makofi.

Ndafu akaletwa kwa vigelegele, majani mdomoni. Ndafu ni wa Wachagga! Leo hakuna sherehe Mbeya, Songea wala Tanga isiyokuwa na mbuzi huyo, na hakuna anayewalipa Wachagga hata asante, jambo ambalo nina hakika linawanyima usingizi. Hilo ndilo lililonifariji usiku kucha.

Makande yalikuwapo. Yaliwekwa kwenye vibakuli vya kuonjea, vijiko viwili vitatu hivi, na jani la giligilani juu. Mpare mtu mzima anaonjeshwa makande! Tena msiniletee habari kwamba mahindi na maharage yote mawili yalitoka Amerika. Nafahamu. Yalikuja bila emsii, tukayatia sufuria moja tulivyoona inafaa, tukayala mpaka tukatukanwa kwayo.

Shangazi Mkubwa alipangiwa kuimba kati ya keki na zawadi za mama mzazi. Akasimama na wenzake, kaniki na kanga, hakuna aliyewavalisha Kizamunda kwa sababu hakuna aliyethubutu. Wimbo wao una mwanzo mrefu. Kwanza unasalimia wazee waliotangulia, mmoja mmoja, huku mguu ukigonga taratibu na mikono imeshuka. Ndipo unapomgeukia binti na kuanza kumwambia mambo ya huko anakokwenda, na hapo ndipo mikono inapoanza kupanda. Walikuwa bado kwa mababu. Dijei akasikia ukimya asioujua, akadhani kuna hitilafu, akatia mdundo chini yake. Kisha akaupandisha. Kisha sauti za akina mama hazikusikika tena, na emsii akaja mbele na mikono yake: "Makofi kwa bibi zetu! Asili imekamilika!"

Shangazi akamtazama. "Sijaanza," akasema.

Kipaza sauti kikaidaka. Watu wakacheka sana. Emsii akatangaza kwamba bibi ana vichekesho, Shangazi akapewa soda, tukaingia kwenye zawadi.

Nikiwa nimekaa pale na kitenge changu cha Kiafrika cha bei ya kawaida, nikamsikia bibi harusi akimwuliza msimamizi wake bibi alikuwa anaimba nini. Msimamizi hakujua. Mdogo wangu mwenye taji alijua nusu. Wanangu mimi hawajui hata hiyo nusu, kwa kuwa nyumbani tunasema Kiswahili, na kwa Kiswahili sitasikia neno baya. Ndicho kilichomfanya Mpare wa Usangi ampose Mhaya, au aposwe naye, bila kuleta mkalimani kitandani. Nchi ina lugha zaidi ya 120, lazima tukutane mahali. Ila tulikubaliana tukutane Kiswahilini. Zamunda tumefikaje?

Baada ya wiki tulikwenda Bukoba kwenye harusi yenyewe. Nilitegemea wakwe watatupiga bao la heshima. Emsii alikuwa mwingine, vichekesho vilevile, hata kile cha mama mkwe na friji. Maharusi waliingia kwa wimbo uleule, kwa mwendo uleule wa hatua mbili mbele na moja nyuma, wakakata keki ya ghorofa zilezile. Ndafu akaingia na majani mdomoni. Mpiga enanga naye alikuwapo, kwenye skrini, bila sauti, nyuma ya majina ya wafadhili. Baba mkwe wetu, nyumbani kwake kabisa, alikuwa amevalishwa shati la Kinaijeria la rangi ya ugoro, na aliponiona hakusema kitu, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ukumbi kulikokuwa na ndizi za kawaida, nyama ya kawaida, na wazee wengine saba waliokwisha kutoroka. Tulikula vizuri sana. Ule upande wa nyuma ndio uliokuwa harusi ya Kihaya, na haukuwa kwenye ratiba.

Desemba anaoa mtoto wa dada yangu. Kamati imeshaundwa, na usiku wa mkesha umependekezwa uwe wa Kihindi, kama wanavyofanya kwenye filamu za Bombay, kila mtu apakwe hina na tujifunze kucheza kwa mabega. Bibi harusi ni Msukuma. Nimeandika grupuni kwamba ahadi yangu ipo, ila ina sharti: Shangazi Mkubwa apewe nusu saa kamili, dijei akae nje ya jengo. Shemeji akajibu, "Tumelipokea." Kwa aliyewahi kukaa kwenye kamati, hilo ni jibu la kukataa.

Lakini jana emsii akanipigia mwenyewe. Mtu mstaarabu kwenye simu, sikutegemea. Akasema video ya bibi kusema "sijaanza" imezunguka sana, watu wanamwulizia, na je, bibi atakubali kuimba dakika tatu tu juu ya mdundo wa amapiano, ili vijana wasikae chini? Nikamwambia hayo si yangu kujibu. Nikampa namba ya mjukuu anayekaa naye Usangi, nikajua Shangazi atamtukana kwa lugha mbili.

Jioni mjukuu akanirudia na majibu. Shangazi amemsikiliza yule bwana mpaka mwisho. Ameuliza dijei analipwa shilingi ngapi kwa usiku, akaambiwa. Akanyamaza kidogo. Akasema dakika tatu hazitoshi hata kwa mababu wa upande mmoja, yeye ataimba wimbo wote, na kama mdundo unataka kuingia humo ndani, basi mdundo ndio ulipe kiingilio. Bei ni ileile ya dijei. Nusu itumwe kabla hajapanda basi, pamoja na ya kutolea.